Mapango Yako Upande Wetu

Kibomet, Kitale
Agosti 2004

Mpwa wangu Nakhumicha,

Huku tuko wazima na mahindi yangu yamepita paa la nyumba. Nasikia utaleta wanafunzi wako kutoka Bungoma waone mapango ya Mlima Elgon, na wa kuwasimulia historia ni mdogo wangu Sifuna. Sifuna wa Myanga! Kutoka kwake mlima ni wingu tu. Mapango yako upande wetu, bana. Mimi nilikuta ndovu mle ndani akichimba chumvi kwa pembe, nikamwambia, "Mzee, songa kidogo," na akasonga. Sifuna anajua nini juu ya wazee waliojificha mle na ng'ombe wao wakati wa vita? Si mimi ndiye nilimwambia?

Mama yako anasema nisikasirike, ati Sifuna husema yale yaliyotokea tu. Sawa. Lakini ukiwa mdogo ulikuwa hulali mpaka mimi nimalize hadithi.

Nitakuja. Nitakaa nyuma na watoto, ninyamaze. Sifuna akimaliza, niulize mimi swali moja mbele yao, hata lile ambalo unajua jibu.

Ni mimi mjomba wako mkubwa,
Eliakim