Watu wa Mji Uliotekwa

Ouma rafiki yangu,

Kampuni yetu ya chai imenunuliwa. Wamiliki wapya walifika wakati wa chai ya saa nne, wakaagiza lango lipakwe rangi mpya, na sisi makarani tukaendelea na kazi kana kwamba hatujatekwa.

Nimeukumbuka mchezo wako wa kuteka miji, ule tuliocheza kwenye kompyuta ya ofisi mvua ikituzuia kwenda nyumbani. Ukishinda, unaulizwa: uuchome mji au uutawale? Mimi nilichoma kila mara, kwa sababu mji uliotekwa huasi. Ulinicheka. "Chepkoech, wewe unaogopa hata watu wa kompyuta." Wewe ulitawala, ukavumilia maasi, ukawajengea soko. Kilichokukera ni ile namba. Mji una watu tisa. Ukitekwa wanabaki wanne, na mchezo hausemi wengine wako wapi.

Jumatatu meneja mpya alitandaza ramani mezani. Akaweka kalamu juu ya kambi ya chini ya wachumaji, pale mama yako anapokaa, akasema nyumba zibomolewe ipandwe chai. Siku hizi, alisema, mashine ndizo zinazochuma. Kila mtu akainamisha kichwa. Unanijua, mimi huomba ruhusa hata kufungua dirisha. Lakini safari hii nikauliza, "Na hao watu, wataenda wapi?"

 Nikajua kazi yangu imeisha. Basi nikamalizia: kwamba kule kwenye mteremko mashine haisimami, wanaochuma ni watu wa kambi hiyo, kwamba mama yako, tulipotoka kukuzika kwenu kando ya ziwa, alirudi akachukua kikapu chake akaingia kwenye majani ya chai. 

Alasiri meneja alishuka kambini kwa miguu, nami nyuma yake. Mama yako akamzuia mlangoni. "Mwanangu, toa viatu, nimepiga deki." Ouma, alivua! Akanywa chai akiwa na soksi, akauliza maswali mengi.

Hajaahidi kitu. Amesema tu hakuna nyumba itakayoguswa kabla hajawasikia wenyewe, Ijumaa, kwenye ukumbi. Kambi imemchagua mama yako aseme.

Viti vya makarani vitakuwa upande wa meneja. Mimi nitakaa kwenye benchi la kambi, kando ya mama. Bado naogopa, lakini nitakaa hapo mpaka amalize kusema.

Oriti, Ouma, kama mnavyoagana kwenu. Pumzika.

Chepkoech