Tochi Niliyoinunua Ulipoondoka

Mpendwa Baba Kulwa,

Wengine huanza barua kwa kuulizana afya. Ya kwako nimeshaipata kwa Shija, huyu rafiki yako wa machimboni: kasema umekonda, vumbi limekuletea kikohozi, lakini unakula. Na sisi huku Igogo tunakula. Kulwa ameng'oka meno ya mbele, Doto bado anakataa viatu. Shija kaniletea salamu zako mbili. Ya kwanza, kwamba mambo ya huku yatakuwa yameshapoa na unataka kurudi nyumbani. Ya pili, kwamba nikutunzie tochi yako.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonikalisha chini nitafute kalamu.

Bahasha sitaifunga. Mimi niliishia darasa la saba, na wewe barua husomewa. Basi atakayekusomea asome yote kwa sauti, na wenzako wa kambini wakitaka kusikiliza, wakae.

Unakumbuka siku uliyoinunua? Ulikuwa umepokea mshahara wako wa kwanza wa ulinzi pale ghala la nyavu. Tochi ya chuma, betri tatu kubwa, ndefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko. Sisi tulikua enzi za foleni za dukani, tochi ikiwa ni kitu cha mwenyekiti na cha katekista, wengine tunapapasa. Ukaniambia, "Mama watoto, sasa na sisi ni watu." Mimba ilikuwa kubwa, wala hatukujua kwamba ndani wamo wawili. Jioni ile tulipanda mawe kutoka bombani, mimi na ndoo kichwani, wewe nyuma yangu unanimulikia miguu. "Kanyaga hapo. Sasa hapo." Nikikumbuka wema wako naanzia kwenye mawe yale. Sijaufuta wema wako, hata sasa.

Halafu ukampata yule mwizi wa nyavu, ukutani kwa ghala. Hukumwuliza kitu. Ulimpiga tochi ya kichwa, akadondoka, ukaendelea. Asubuhi watu walikwenda kuangalia ukuta. Wewe ulikuja nyumbani ukaketi kunywa chai, ukanipa tochi niioshe. Kwenye ukingo wa kioo zilikuwa zimenasa nywele za mtu. Nilizitoa kwa kijiti, moja moja, watoto mgongoni wananyonya vidole vyao.

"Inawaka bado?" ukauliza.

"Inawaka."

"Chuma hicho," ukasema, ukaongeza sukari.

Watu walikupenda kwa hilo, Baba Kulwa, na mimi nadhani ndilo lililokuharibu. Kilabuni walikununulia pombe ili wasikie tena. "Tochi moja tu, mwizi chali!" Kila uliposimulia mwizi aliongezeka. Mara alikuwa na panga, mara walikuwa wawili. Na kila uliporudi kutoka kusimulia, mkono wako ulikuwa haujashiba. Ugali umepoa: tochi. Nimeuliza hela ya mafuta ya taa: tochi. Uzito wake niliujua kwa mwili. Mgongoni ililia kama ngoma. Kwenye goti haikulia, ila nilikuwa natapika.

Ule mwisho wetu nauandika ulivyokuwa, maana Shija anasema huko unasimulia vingine.

Ilikuwa jioni, umeme umekatwa, zile zamu za mgao. Uliniuliza nilikuwa naongea nini na muuza mkaa. Nilikuwa naongea naye mkaa. Ukanipiga, nikainua mkono kujikinga, na mfupa ukasikika kabla sijasikia maumivu. Kulwa aliingia chini ya kitanda. Doto hakuwahi, akajifunika kichwa kwa sketi yangu. Ndipo nikapiga yowe.

Huku kwetu yowe halijadiliwi, hilo unalijua kuliko mimi. Anayelisikia anatoka na alichonacho. Nikasikia filimbi, nikasikia miguu mingi inapanda mawe, na sauti za watu tunaoazimana nao chumvi.

"Ni kwa Baba Kulwa. Kakamata mwingine huyo."

"Bwana mkubwa, mtoe nje, usichoke peke yako!"

Na wakacheka. Mimi nipo sakafuni nasikiliza majirani wanakuja kukusaidia kuniua, bila kujua kama ni mimi.

Ukafungua mlango. Nje giza, ni sauti tu. Ungesema, nilikuwa nampiga mke wangu. Wangekutania kidogo wakarudi makwao. Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo namna hiyo, kwa jinsi watu wanavyouhesabu. Lakini uliona aibu kutokuwa na mwizi. Ukasema, "Kanitoka. Kakimbilia huko." Ukanyoosha tochi upande wa ziwani, na mwanga wako ukamkuta mtu anapanda na gunia begani.

Alikuwa Mzee Mabula, yule mshona nyavu, jirani yetu wa chini. Gunia lilikuwa na wavu wa mtu, amepewa akauzibe.

Baadaye alinieleza kwamba alipoona watu wanamjia mbio, alishusha gunia ili awasaidie. Alidhani wanamkimbiza mtu aliye nyuma yake. Aliwauliza, "Kuna nini, wanangu?" Hilo ndilo neno la mwisho alilolisema akiwa na meno.

Niliwafuata nimeshika mkono wangu kwa mkono wa pili. Nilipiga kelele kwamba hakuna mwizi, ni mimi niliyekuwa napigwa. Nani asikie? Giza lilikuwa zito, niliwapata kwa mlio. Mtu akishaacha kulia, jiwe linalia kwake kama mtwangio kwenye muhogo mbichi. Niliupenya mlio huo nikamlalia. Fimbo moja ilinipata kisogoni, nyingine kiunoni. Nikamshika kichwa kwa mkono mzima, vidole vikaingia mahali ambapo hapakutakiwa kuingia kitu. Ndipo mmoja akaijua sauti yangu. "Acheni, acheni, ni Mama Kulwa." Mwingine akawasha njiti ya kiberiti.

Njiti moja, Baba Kulwa. Kwa njiti moja watu wote wale wakajua walichofanya. Ilipozimika waliondoka kimyakimya, hakuna aliyemwuliza mwenzake jina. Tulibaki mimi, yeye na gunia, mpaka mke wake alipokuja na wanawake wenzake.

Niliporudi nyumbani hukuwepo. Tochi ilikuwa kizingitini, inawaka.

Basi jibu la salamu ya pili: sikuitunza. Nilimpa fundi wa majiko, akaitandika nyundo. Usiniulize alitengenezea nini.

Nilikaa na mkono umefungwa, nikawaza kitu kimoja tu: wote wale walimpiga mtu ambaye hawajamwona uso, na mwanga ulikuwepo, ila ulikuwa kwako. Mkono ulipofunguliwa nikashuka mjini, Mirongo. Siku hizi huwezi kusema hakuna kitu dukani. Vijana wamepanga tochi chini kwenye maturubai kama nyanya, za kila rangi. Nikapita, nikaingia kwa yule mama wa Kihindi anayeuza vitu vya umeme. Akaniwekea mezani za chuma.

"Hii ya walinzi, dada. Imara. Hata mwizi unampiga nayo."

"Nipe isiyoweza kumpiga mtu," nikasema.

Akanitazama mkono, ulikuwa bado mwembamba kama wa mtu mwingine. Hakuuliza. Akafungua droo ya chini. "Ziko hizi. Wateja wanasema za kitoto."

Ya kwanza ilikuwa na swichi ya kusukuma, kidole changu hakikuweza. Ya pili ilikuwa nzuri ila kifuniko kinacheza, mvua moja tu ingeingia. Ya tatu nikaifumbata, ikapotea kiganjani. Ya plastiki, ya bluu, betri mbili nyembamba kama za redio ndogo, unabonyeza kwa dole gumba nyuma. Ukimgonga mtu nayo inavunjika yenyewe. Nikataka kuijaribu ukutani, yule mama akanikataza.

"Ukuta unaujua tayari. Njoo huku nyuma ya maboksi kwenye giza, nimulike mimi."

Nikamulika. Nikaona kidoti kidevuni, nikaona macho yamechoka, nikaona kwamba ni mtu wa umri wa mama yangu, jambo ambalo mbele kwenye mwanga wa dirisha sikuwa nimeliona. Nikasema naichukua hii.

Naitembeza kila mahali. Nikiwa nakaanga mapanki ya sangara pale barabarani ipo kwenye fundo la khanga, nikilala ipo chini ya shavu. Mwanzoni Doto alijifunika kichwa kila ilipowaka. Sikumlazimisha. Nilikuwa naiwasha mdomoni mwangu, mashavu yanakuwa mekundu kama taa, Kulwa anacheka mpaka anaanguka. Siku moja Doto akachungulia. Siku nyingine akasema, "Na mimi nataka kuwa taa." Sasa ni yeye anayeenda nayo chooni, na huko anaimba.

Na niliitumia kazi yake. Jioni moja pale bombani umeme ulikatika, akapigiwa kelele mtoto wa kiume mkubwa tu, mwizi, mwizi. Nilipofika alikuwa chini na wamemzunguka. Sikummulika yeye. Nilimulika waliosimama.

"Baba Ester, ni wewe? Jiwe hilo la nini?"

"Zima tochi yako, Mama Kulwa."

"Nikiizima nitajuaje nani alirusha? Na huyu nani, kaka Peter? Wewe si unaimba kwaya?"

"Mama huyu katumwa na wezi," akasema mmoja nyuma.

"Anatafuta bwana mpya, wa zamani kakimbia," akasema mwingine, wakacheka. Nikamgeuzia mwanga huyo aliyesema, akaufunika uso kwa kofia. Nikaendelea hivyo, uso kwa uso, jina kwa jina, na kila niliyemtaja alikuwa anakitazama alichoshika kana kwamba amewekewa na mtu. Kijana alikuwa mwizi kweli. Sufuria la watu lilikuwa tumboni ndani ya shati, maharage yamemwagikia. Teke moja au mawili aliyapata. Lakini alipelekwa kituoni kwa miguu yake.

Mwanga wenyewe ni mdogo, haufiki hata mlango wa tatu, na betri zinaisha upesi. Siuoni upungufu.

Sasa salamu yako ya kwanza. Umesema mambo yatakuwa yameshapoa. Kwangu mkono umepona, mvua tu ndiyo inaukumbuka. Watoto wanakuuliza, nawaambia baba yenu yupo, anachimba. Sikuwaambia umekufa wala sikuwaambia wewe ni mnyama. Nikilala peke yangu, nakutaka yule aliyenimulikia miguu. Naandika hivyo wenzako wakisikia, sioni aibu. Lakini hayakupoa kwa kila mtu. Mzee Mabula jicho la kushoto halipo, na la kulia linaona kivuli. Anashona nyavu kwa vidole. Wavu ukiletwa anaupapasa jicho kwa jicho mpaka alipate tundu, na kazi aliyokuwa anaimaliza kabla ya chai sasa anashinda nayo mlangoni mpaka usiku.

Kwa hiyo ukija, usije kwangu kwanza. Wala usipite kilabuni. Njoo mchana, ushuke mpaka mlangoni kwake. Usimpelekee sukari wala kitenge cha mkewe. Mwamkie, utaje jina lako lote, umwambie kwa mdomo wako kwamba mwizi hakuwepo na kwamba wewe ndiye uliyenyoosha mwanga. Anajua, nilimwambia mimi. Lakini kutoka kwako hajasikia.

Hatakuitikia. Usikasirike. Hata mimi niliyemlalia, mke wa mtu aliyemponza, nilimpelekea uji asubuhi baada ya asubuhi, nasema shikamoo, anageukia ukuta. Niliweka bakuli nikaondoka, nikarudi kesho yake, mpaka siku moja akaniitikia. Na wewe rudi kesho yake. Utalala kwa Shija hapa Igogo, mkewe nimeshaongea naye. Keti pale, mshikie upande wa wavu. Akikufukuza, ondoka, halafu urudi.

Tunakaa karibu, mawe machache tu ndiyo yaliyo katikati yetu. Siku Mzee Mabula akikujibu marahaba, nitaisikia nikiwa jikoni. Nitawatuma Kulwa na Doto wakuite, uje ule, tuongee.

Mimi ninayekuombea ufike,
Mama wa watoto wako.