Namba Zilizopakana

Kaka Aminieli,

Shikamoo, hata kama huitikii. Tangu tukuzike hapa Kibosho sijakuandikia. Leo naandika kwa sababu ya picha ya mama akianika kahawa. Nimeikuta kwenye kalenda dukani mjini, haina jina la mpigaji. Uliipiga wewe. Nilikuwepo, nimeshika turubai.

Niliichukua hadi studio yetu, huko mjini mtaa wa Soweto, nikaipitisha kwenye skana, nikaiuliza kompyuta. Ikasema ni yangu.

Unakumbuka wezi wa picha walivyotuchosha, mpaka ukaamua kuficha alama ndani ya kila picha: mfuatano wa sifuri na moja, uliochanganywa na mwanga na kivuli jicho lisiuone. Kila mpigaji na wake. Picha ikinakiliwa na kuchakaa, baadhi ya tarakimu huharibika, na kompyuta hutafuta mfuatano uliosajiliwa unaofanana zaidi na ilichosoma. Kwa hiyo mifuatano yetu ilitakiwa itofautiane sana. Wewe mwalimu wa hesabu ulilijua hilo. Lakini ulipogawa, uligawa kama baba alivyogawa kihamba, shamba letu la ukoo, mtu na nduguye ubavuni. Wangu ukautofautisha na wako kwa tarakimu moja tu.

"Baba hakukupa shamba la kupakana na mimi kwa sababu wewe ni wa kike," ulisema. "Mimi nakupa."

Nilisema asante nikaendelea kuosha vikombe. Nilifurahi mno, ila sikukuonyesha.

Sasa tarakimu hiyo moja imeharibika kwenye kalenda, na picha yako imeangukia kwangu. Nimejaribu na kadi za posta zinazouzwa stendi. Nyingi ni kazi yako, na kadhaa, zilizoharibika pale pale, zinasomeka zangu. Nilipomweleza mama, hakuacha kumenya ndizi.

"Kwa hiyo mwanangu amekufa hadi kwenye picha," akasema.

Nikarudi studio.

Mfuatano wako siwezi kuubadili, picha zako zimeshatawanyika nao. Nimehama mimi. Nimejisajilia mwingine, mbali kabisa na wako, na ule wa zamani nimeufuta. Nilisita, kusema kweli, maana hakuna mwingine kwenye ukoo huu aliyewahi kunipa mahali pembeni yake.

Kalenda nimeisoma upya, na jina lililotoka ni lako. Mama ameomba itundikwe sebuleni.

Kuna hasara moja. Picha zangu za zamani zilizoko huko nje bado zimebeba ule mfuatano niliofuta, na unaofanana nao zaidi ni wako. Zote zitasomeka zako. Hata ile niliyokupiga mlangoni mwa studio, tuliyoiweka juu ya jeneza lako, kompyuta sasa inasema uliipiga wewe. Zichukue zote, kaka. Mimi nitapiga nyingine.

Pumzika hapo migombani.

Mdogo wako wa kike