Treni ya Tenke Haikuningoja

Tata yangu mpendwa,

Nimepanda treni inayokwenda chini ya ardhi. Hapo ungeuliza, "Kiisha?" Ulikuwa unauliza vile, ukitaka kujua kilichofuata, tangu nilipokuwa mdogo, wewe umetoka stesheni, umevua kofia yako ya mkuu wa gare ya Tenke, mi nimekaa kwenye kizingiti nikikuhadithia ya shule. Hata hadithi ikiwa imekwisha uliuliza tu, nikalazimika kuitafutia mkia. Basi ngoja nikuhadithie, maana ni miaka mingi sijakuhadithia kitu, na sababu tunaijua wote wawili.

Kampuni inayoniajiri hapa Kolwezi, mi natafsiri barua na mikutano yao, ilinituma China majuma matatu. Siku moja tukatoka mji wa viwanda kwenda Guangzhou kwa treni ya mbio. Tata, inakimbia mpaka huwezi kuhesabu nguzo, na kikombe cha chai kimetulia mezani. Wenzangu wakawa wanasema shaba yetu imo katika nyaya zile za umeme zilizo juu ya reli. Labda. Mi nilikuwa natazama saa, kwa sababu pale mwisho tulitakiwa kubadili na kuingia treni ya chini ya mji, na mtoto wa mkuu wa gare hawezi kubadili treni roho ikiwa imetulia.

Pale Tenke ndipo treni ya Lubudi ilipokuwa inakutana na ya Kolwezi, na wewe ndiye ulikuwa unaamua nani angoje nani. Abiria walikuita Tata Ngoya. Dereva wa Kolwezi anapiga honi, wewe umesimama na bendera chini ya kwapa, unamwambia, "Ngoya kidogo. Kule kuna batu." Mara moja uliisimamisha karibu saa nzima kwa ajili ya mama mmoja wa Kasaji na magunia yake mawili ya mihogo. Dereva akakununia mwezi mzima. Mi nilijivuna shuleni: tata yangu haachi mutu.

Kisha ikaja zamu yangu. Nilikuwa nimetoka Lubudi kwenye matanga ya mama mkubwa, narudi Kolwezi kufanya mtihani wa Taifa. Treni yetu ikachelewa nusu saa. Tulipoingia Tenke, njia ya Kolwezi ilikuwa tupu, na wewe ulikuwa umesimama palepale na bendera yako. Ukaniambia, "Treni ilisha kwenda, mama. Kulikuwa mwanamuke wa kuzaa, damu ilikuwa mingi. Sikuweza kungoya." Ulijua mi nimo ndani ya ile ya nyuma. Ulijua na mtihani. Iliyofuata ilikuwa baada ya siku tatu. Lori nililopata likaharibika njiani, nikafika siku ya pili ya mtihani, wakanifungia mlango. Nikarudia mwaka.

Nikitaka kukuandikia uongo, nitasema sikujua sababu. Nilijua siku ileile, kutoka kinywani mwako. Ndiyo aibu yangu. Nilijua kuna mama anakufa ndani ya behewa, na bado moyoni nilisema: watu wote anawangoja, mi hapana. Tangu hapo nilikusalimia, nilikupikia bukari na sombe, nilikufulia nguo za kazi. Ila sikukuhadithia kitu tena. Uliuliza "Kiisha?" mara mbili tatu, nikajibu, "Ni hivyo tu, Tata." Ukaacha kuuliza. Ukafa ukiwa umeacha kuuliza, na hilo linaniuma kuliko mtihani.

Sasa Guangzhou. Treni ya mbio inasimama, unashuka kwa ngazi zinazojisogeza, hutoki nje hata hatua moja, hakuna wa kukupekua tena, na treni ya chini iko pale. Kwetu wanaoshuka chini ya ardhi ni wachimbaji, na wake zao wanabaki wakiwaombea. Mi nilishuka na viatu vya ofisi. Nikamuuliza Lin, binti wa kampuni aliyekuwa akituongoza, nani anaamua ya chini ingoje pale ya juu inapochelewa. Akafikiri hajasikia vizuri. "Hakuna anayengoja," akasema kwa Kifaransa chake. "Kuna nyingine nyuma, dakika mbili."

Sikumwamini. Tumeshaingia, milango inaanza kujifunga, nikaona mama mzee anashuka ngazi na mifuko mikono yote miwili. Tata, mguu wangu ulikwenda wenyewe. Niliuweka mlangoni. Kengele ikalia, watu wote wakanigeukia, na mi nikawaambia kwa Kiswahili, tena kwa sauti, "Ngoya kidogo. Kule kuna mutu." Na yule mama, unajua alifanya nini? Alinipungia mkono niende zangu. Hakuharakisha hata kidogo. Lin akanivuta ndani, akacheka mpaka machozi. Na mi yalinitoka, lakini si ya kicheko.

Nilielewa palepale, nimeshika chuma nisianguke. Kule hakuna mkuu wa gare anayelazimika kuchagua kati ya mtoto wake na mke wa mtu. Wewe ulikuwa na treni moja kwa siku tatu. Ulichagua vizuri, ukabaki umesimama pale nikuone, wakati ungeweza kuingia ofisini na kufunga mlango. Na mi nikakulipa kwa kunyamaza. Nisamehe, Tata. Ulifanya vema siku ile, na sikuwahi kukuambia hata kwa jicho.

Nakuja kwenye kaburi lako. Dereva wa kampuni alitaka kunipeleka, barabara sasa ni nzuri, masaa mawili tu niko Tenke. Nimemkatalia. Nataka kufika kwa njia yako, kwa hiyo jana nimekwenda gare ya Kolwezi kuulizia. Mama wa dirishani akanicheka. "Ya abiria? Siku hatujue, mama. Pengine juma hili, pengine ile ingine." Nimemwambia haidhuru. Mkoba nimeshaufunga, uko kando ya mlango.

"Kiisha?" utauliza.

Kiisha, Tata, safari hii ni mi nitangoya.

Binti yako, yule wa kizingitini