Kitambaa Ulichokiacha Wazi Katikati

Kwako baba, uliyelala Buffalo,

Jumamosi naolewa. Elias na wazee wake wananingoja Louisville, gauni limefika, keki imeagizwa, na mimi niko hapa Columbus nimeweka kitambaa chako magotini, nalia kama mtoto. Ungekuwepo ungenifokea, kwamba machozi huacha alama kwenye kitani. Basi nimekisogeza pembeni, nakuandikia.

Unakumbuka Newburg, hukohuko Louisville? Tulipofika Marekani kutoka kambini Tanzania, wawili tu maana mama tulikuwa tumemzika huko, tulipewa vyumba viwili, na kimoja ukakigeuza duka la cherehani. Ulishona sare za kwaya nzima. Ulikuwa na masharti yako, na sharti kubwa lilikuwa pasi: nguo ambayo haijaisha haipigwi pasi, hata mteja akisimama mlangoni. Nami ndiye niliyetumwa kuwaambia wateja warudi kesho.

Kisha ukahamia Buffalo, ukanunua ile nyumba mbovu ya Black Rock na kuikarabati kwa mikono yako, na mimi nikaja Columbus kufanya kazi ghalani. Nilipokupigia kukuambia nimechumbiwa, uliniuliza vipimo vyangu kabla hujauliza jina la mwanamume. Nikakuambia gauni nimeshaagiza mtandaoni.

"Limeshonwa na nani?"

"Sijui, baba. Kiwandani tu."

Ukasema, "Haya, mama," kwa sauti ya chini. Fundi mzima, binti yake wa pekee anavaa gauni la kiwandani. Naona aibu mpaka leo.

Nadhani ndipo ulipomgeukia Halina. Mwanzoni ulikuwa ukimcheka, huyo mama wa Ukraine uliyefanya naye kazi kwenye kiwanda cha maboksi kule Tonawanda, aliyekimbia vita kama sisi. Wakati wa mapumziko wenzake walikula, yeye alitoa sindano na kipande cha kitani. "Anahesabu nyuzi moja moja kama mtu anayetafuta chawa," uliniambia. Siku moja akakupa sindano ujaribu. Ukapiga fundo mwishoni mwa uzi, kama fundi yeyote. Akalikata. Kwao kitambaa cha harusi hakina fundo hata moja. Mwisho wa uzi unafichwa chini ya mishono mingine, ili ndoa nayo isiwe na mafundo. Ulirudi nyumbani umenuna, na wiki iliyofuata ukanunua kitani chako mwenyewe.

Nilikuja kukuona mara moja tu tangu uanze kazi ile ya sindano. Ulinikalisha karibu na dirisha, ukavaa miwani. Ulinionyesha mishono ya msalaba, kila mmoja mguu wake wa juu umelalia upande uleule. Ulinionyesha mshono mwingine unaodariziwa kwa nyuma, macho yako yanaona kinyume tu huku ua likichanua upande usiouona. Kwenye pindo ulikuwa umechomoa nyuzi za kitambaa chenyewe na kuzifunga zilizobaki, pakawa na vidirisha vidogo. "Watu hawa nyuma kwao ni safi kama mbele," ulisema. Wanaume wa kanisani walikutania kwamba umekuwa bibi harusi. Ulicheka nao, na hukuacha.

Halina alikuwa amekueleza kazi ya kitambaa hicho. Siku ya ndoa kinatandikwa chini mbele ya mchungaji, na maharusi wanasimama juu yake kula kiapo. Ukasema ndicho utakachonipa, kwa kuwa mtandaoni hakiuzwi. Nilicheka. Nikakuahidi nitarudi mwezi ujao.

Sikurudi. Kulikuwa na zamu za ziada, mara theluji, mara gari. Nilikuwa nakupigia.

"Baba, kitambaa umemaliza?"

"Njoo uone."

"Si unitumie tu kwa posta?"

"Hiki si bili ya umeme, mama. Njoo uone."

Nilidhani hujamaliza, unaona haya kusema. Halafu asubuhi moja ukaanguka jikoni, na safari hiyo nilifika Buffalo siku hiyohiyo. Kwa maiti nilipata nafasi.

Kitambaa nilikikuta kabatini, ndani ya foronya mpya. Huku na huku, miti miwili myekundu na myeusi yenye ndege wawiliwawili. Katikati, peupe kabisa, pakubwa kama meza. Nilisema kifo kimekukatiza, nami nimekuacha ufanye kazi peke yako mpaka ukaishiwa muda. Nikakata kauli nikumalizie. Nilijifunza kwenye simu, nikakaa nacho kila Jumapili baada ya ibada, na pale peupe nikadarizi kwa uzi mwekundu: ASANTE BABA. Kwa nyuma mafundo yangu yalikuwa yamejaa, lakini nilijivunia.

Nikakipiga picha, nikamtumia Halina, namba yake ilikuwa kwenye simu yako. Alinipigia mwenyewe. Kiingereza chake kidogo, changu si kingi, tukaelewana vizuri mno.

"Kwa nini umeandika katikati?"

"Baba hakumaliza."

"Alimaliza! Kabla ya theluji alimaliza. Katikati pa Mungu, panaachwa. Huko mnasimama ninyi wawili. Kila Jumatatu namuuliza, binti amekuja? Anasema, wiki ijayo. Sasa wewe utasimama juu ya baba?"

Baba, kilikuwa kimepigwa pasi. Nilikitoa kwenye foronya kikiwa na mikunjo minne iliyonyooka, na mimi, binti wa fundi, niliyerudisha nusu ya Newburg kwa sababu ya pasi yako, sikuelewa. Kilikuwa tayari miezi yote ile. Hakikukosa chochote isipokuwa mtu wa kuja kukichukua.

Nimeyafumua maneno yangu. Singeweza kukanyaga jina lako mbele ya watu, wala singeenda bila kitambaa chako. Nilianza na ASANTE, nikakata mafundo yangu na kuchomoa uzi kwa ncha ya sindano, polepole nisije nikagusa mti wako. Herufi za BABA zilinishinda kwa siku mbili. Elias alitaka kuja kunisaidia, nikamkatalia.

Uzi ulipokwisha kutoka, matundu yalibaki, na bado ungeweza kuyasoma maneno. Halina alikuwa ameniambia nikiloweke kwenye maji ya vuguvugu, kitani kitajirudi. Nililoweka. Leo mchana kimekauka, nimekipiga pasi kwa nyuma jinsi anavyotaka, nimekiinua dirishani. Hakuna kitu. Nimetafuta kwa vidole, baba, nimetafuta sana. Ni peupe kama ulivyopaacha, na mahali pekee duniani nilipokuwa nimekuandikia asante hapapo tena.

Ndiyo sababu ya barua hii. Uliniomba jambo moja tu, nije, nami sikuja. Asante, baba. Ilikuwa niseme pale dirishani kwako, nikiwa nimekipokea kwa mikono miwili.

Lala, fundi wangu.

Binti yako