Koroboi ya Baba

Kwa Mzee Nzuki,
Murera, Thika.
9 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Mutheu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na yule mama mwenye nyumba hapo Muscat bado anakuamsha kabla ya jogoo? Sisi tunapumua. Mimi bado niko kiwandani Thika, upande wa kufunga maharagwe, na asubuhi vidole vinakataa kukunjika. Picha yako tumeiona. Umenenepa mashavu, usikatae.

Barua hii naipitisha kwa Tausi, jirani yetu mwenye duka la leso, anayekuja huko kumwona binti yake. Nyumba yetu unaijua: neno likisemwa kwa simu jikoni, Baba ameshalisikia sebuleni. Uliponiuliza Maluki alikufaje, nilikujibu ni ajali ya kazini, nikakata simu. Ulikasirika, na haki ilikuwa yako.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akichimba visima hapa Murera na kule Mugutha, kabla ya maji ya mfereji. Hakuna aliyeshuka kabla koroboi, ile taa yake ndogo ya utambi, haijawashwa na kuteremshwa kwa kamba. Ikizimika, hewa ya chini ni mbaya, watu wanakaa kando. Kaka yetu Maluki alikua na sheria hiyo, na ilimlinda miaka yote aliyochimba huku.

Kule kusini mwa Tanzania, kwenye mgodi wa makaa ya mawe, hakuwa akichimba. Alikuwa akizungukia visima vya majaribio vilivyotobolewa kandokando ya mgodi, vyembamba, mdomo hauzidi sufuria ya chai. Alipima maji yameshuka kiasi gani na kama gesi ya makaa inapanda. Hapo moto ulikatazwa kabisa, hata sigara. Wakati wa Pasaka aliniambia maji yanazidi kushuka, na visima vya wanakijiji vimeanza kukauka.

Mama mmoja wa pale kijijini akamwomba amsaidie kuongeza kina cha kisima chake, kilichochimbwa kwa mikono kama vyetu. Siku yake ya mapumziko akaenda. Yaliyofuata nilielezwa na Wamalwa, mwenzake wa kazini aliyekwenda naye siku hiyo na ndiye aliyetuletea mwili. Maluki aliondoa mabati yaliyofunika kisima, akawasha taa, akaiteremsha. Kumbe maji yalipoondoka, gesi ilikuwa imeingia mahali pake. Gesi ile haizimi moto, Mutheu, inashika moto. Kisima kililipuka yeye akiwa ameinama pale mdomoni.

Kwenye visima vya mgodi asingethubutu kuwasha hata kiberiti. Lakini alipoona kisima cha kamba na ndoo, mikono yake ilirudi Murera.

Baba alisikia tu kwamba ni gesi ya kisimani, akaamua kijana alishuka bila kupima. Siku ya mazishi alisimama mbele ya watu akasema, "Nilimfundisha, akapuuza." Niliumia sana, nikanyamaza. Nikisema kweli, ninamwambia mzee kwamba alichomfundisha mwanawe ndicho kilichomuua. Nikinyamaza, Maluki analala pale shambani na jina la mzembe. Na Baba alikuwa akipita lile kaburi bila hata kugeuza shingo.

Wiki iliyopita Njau wa Mugutha alikuja kutaka ushauri, anachimba kisima kwenye ploti yake. Baba akamwonyesha koroboi pale msumarini, akamwambia fundi wake asije akafanya kama Maluki. Hapo nilishindwa. Njau alipotoka nikasema, "Baba, Maluki alishusha taa."

Akauliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, Wamalwa aliona. Uso wake ulilegea, sijauona hivyo tangu mazishi. Akachukua fimbo akaenda kaburini, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Nilifurahi, nikadhani yamekwisha. Aliporudi akasimama mlangoni.

"Na taa ilisemaje?"

Nikasema sijui. Wewe unajua mimi uongo haunikai usoni, na yeye amechimba visima maisha yake yote. Alinitazama kidogo, akaenda kuketi. Hajauliza tena.

Jana jioni stima zilipotea. Nikapapasa ukutani nichukue koroboi, nikakuta msumari mtupu. Baba akaniambia kutoka pale kitini, "Tukae tu hivi." Tukakaa gizani, na nikamsikia akilia.

Kwa hiyo ukipiga simu, tafadhali usimtajie taa. Mwulize habari za ndizi zake. Na ukipewa ruhusa Desemba, hata ya siku chache, njoo. Mimi peke yangu siwezi kukaa naye kwenye lile giza.

Kavindu, mjane wa kaka, anakusalimu sana. Yeye anajua yote na hajamlaumu Baba hata kwa jicho. Shangazi Nyawira naye anauliza utarudi lini. Mungu akufunike huko ugenini, akurudishe ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kila siku,
Syombua