Daftari la Ukoo

Jumanne asubuhi

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, na kabla ya lolote nawajulia hali wewe, binti yako na mjukuu wetu. Je, mkono wa mpwa wangu umeunga vizuri? Mimi ni mzima, ila goti linanikumbusha umri kila nipandapo ngazi. Salamu nyingine naziweka kando. Kwa kuwa mmezima simu, isome barua hii hadi mwisho kabla hujatoka nyumbani.

Jana asubuhi mume wa binti yako alikuja kwangu. Shati limepigwa pasi, sauti ya upole, na kila sentensi aliianza kwa kuniita mjomba. Aliniomba nimsemee kwenu, kwani yaliyopita, alisema, ni hasira za nyumbani tu. Nilimjibu kwamba mtu aliyemvunja mkewe mkono hana msemaji katika nyumba hii, na kwamba sijui mnaishi wapi. Akacheka kidogo. Akaniambia nisijisumbue kusema uongo na mvi zangu hizi: mnaishi ghorofa ya tatu, mlango unaotazama karakana ya kuchomelea vyuma, na mtoto hutoka shule saa saba na nusu mchana. Hakutazama karatasi yoyote. Akaongeza kuwa likizo yake inaanza Ijumaa, na kwamba atamsubiri mwanawe langoni mwenyewe.

Mwezi uliopita, alipopiga simu zahanati mpya anakofanya kazi binti yako, nilikuandikia kwamba ukoo umemkalia kikao Fundi, yule mshonaji rafiki wa binti yako, kwa kuwa nje ya ukoo ni yeye tu aliyejua mlikohamia. Alilia, akaapa. Shangazi akamwambia ulimi wake ni mrefu kuliko utepe wake wa kupimia, nasi tukacheka. Nawe ukampiga marufuku kukanyaga kwako.

Si Fundi. Ni mimi.

Unalijua daftari la ukoo nililoliandaa kwenye duka la kuchapa: majina kamili, tarehe za kuzaliwa, namba za simu, makazi, kazi, shule za watoto. Nilitaka jamaa walio mbali walisome mtandaoni. Mwenye duka aliniuliza kama aliwekee neno la siri. Nilimjibu kwa ukali kwamba ukoo wetu hauna cha kuficha. Mama yule akaniambia, Mwalimu, hata choo kina komeo, wala si kwa kuwa ndani mna mwizi. Nikamwamuru afanye nilivyomwagiza. Uliponiletea anwani yenu mpya kwa siri, nafasi iliyokuwa mbele ya jina la binti yako ilikuwa tupu, na utupu ule ulinikera. Niliijaza kwa usahihi wote: ghorofa, mlango, saa ya shule. Aliyoyatamka jana yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno.

La aibu zaidi ni hili: nililikumbuka daftari palepale kikaoni, Fundi akiwa bado analia. Nikanyamaza. Kesho yake nililifuta, nikajiambia limekwisha. Mwenye duka alinionya kwamba kufuta kwangu hakumfikii aliyekwisha kunakili. Hata hapo sikuwaarifu. Mmekaa mwezi mzima nyuma ya mlango anaoujua, kwa sababu niliogopa kuitwa mzembe.

Jana jioni nilikwenda kwa Fundi nikamweleza yote. Alimalizia pindo alilokuwa akilishona. Kisha akauliza basi linaondoka saa ngapi. Ndiye aliyekukabidhi barua hii. Mwombe radhi, kama nilivyomwomba mimi.

Mtoto asiende shule kesho. Toeni taarifa polisi, mhame kabla ya Ijumaa. Mimi naelekea polisi wa huku kutoa maelezo yangu, pamoja na habari ya daftari, kisha nitaukusanya ukoo niwaambie nililowaambia ninyi.

Mkishahama, mwambie Fundi aniletee neno moja tu: wamefika. Walikofika nisiambiwe, hata nikiuliza kwa ukubwa wangu wa kaka.

Mnisalimie mjukuu. Nawaombea safari ya salama.

Ndimi kaka yako,
Mwalimu